Sehemu ya tatu ilirekodiwa kabla ya ya pili

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba katika 3 Ninjas, filamu za Kimarekani za ndugu watatu watoto waliofunzwa uninja na babu yao, waigizaji wawili kati ya watatu wa ndugu hao walibadilishwa katika sehemu ya pili, ya mwaka 1994, kisha wale wa awali wakarudishwa katika ya tatu, ya 1995, kwa sababu watazamaji walilalamika. Sivyo. Filamu iliyotoka ya tatu ndiyo iliyorekodiwa mapema, karibu sambamba na ile ya kwanza ya 1992, ikawekwa kabatini hadi ile tunayoiita ya pili ilipotangulia kutoka. Sisi tuliokuwa tukitazama mikanda hiyo katika kibanda umiza kimoja cha Kirumba, Mwanza, tumebanana kwenye mabenchi huku harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni ikipenya kwenye matundu ya mabati, tuliliona jambo hilo bila kuelezwa na mtu: Colt, mmoja wa ndugu hao, ambaye Max Elliott Slade alimwigiza katika zote tatu, alionekana mdogo zaidi katika sehemu ya tatu kuliko ya pili, na tulibishana njia nzima ya kurudi nyumbani. Filamu za bajeti ndogo zinazowategemea watoto hazina anasa ya kusubiri, maana mtoto hurefuka na sauti ikabadilika ndani ya mwaka mmoja, na kwa hiyo kurekodi mbili kwa mkupuo ni busara, si uzembe. Aliyedumu katika zote nne, hadi ya 1998, ni babu Mori, yaani Victor Wong, na kwangu yeye ndiye aliyezishikilia. Je, wenzangu wa Mwanza, nanyi mliigundua sura ya Colt?