Wana karatasi, lakini karatasi haimjui shangazi

Anayehamia Ontario, jimbo la Canada, hachukui muda kuisikia sifa hii: wenzetu wanatunza kumbukumbu za ukoo, sisi Waswahili tunasahau. Mzee wa huku anakutajia babu wa babu yake, mhunzi aliyevuka bahari kutoka Sussex, Uingereza, mwaka 1832, na wewe unahesabu vidole: baba, babu, baba yake babu, basi. Kwa maoni yangu sifa hiyo ina ukweli nusu. Karatasi za Canada ya kikoloni hazikuandikwa ili mtu akumbukwe. Ziliandikwa ili kodi ilipwe, ardhi igawiwe na ndoa zifungwe na kasisi anayetambuliwa na serikali. Ukizisoma bila kujua zilitumwa kazi gani, utaokota babu wa watu wengine.

Fundi wa Kiingereza ndiye anayewatoa jasho watafuta nasaba. Mkulima huacha shamba, askari huacha faili ya pensheni. Fundi mapipa au fundi viatu alipanga kibanda karibu na kinu cha nafaka, akafanya kazi miaka sita, kinu kikafungwa, akahama. Na mahali penyewe palibadili jina: Upper Canada kuanzia 1791, Canada West kuanzia 1841, Ontario kuanzia 1867. Mtu aliyezaliwa kijiji kimoja na kuzikwa hapohapo anaweza kuonekana kwenye madaftari kama mzaliwa wa nchi tatu.

Wengi huanzia kwenye orodha za abiria wa meli, na wengi hutoka mikono mitupu. Kwa bandari ya Quebec, orodha zilizohifadhiwa kwa mfululizo zinaanza 1865, na mafundi wengi walikuwa wameshafika zamani. Walioacha alama ni wale waliolipiwa. Kamati ya Petworth, kwa mfano, ilisafirisha watu wapatao 1,800 kutoka Sussex na maeneo jirani kati ya 1832 na 1837, na nyaraka nyingi za kazi hiyo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Chichester, hukohuko Sussex. Parokia iliyotaka kupunguza mzigo wa maskini wake ilitoa nauli na nguo, na mweka hazina akaandika kila shilingi. Kwa hiyo safari ya fundi maskini huonekana kwenye hesabu za parokia aliyoiacha, wakati bandari aliyofikia haina habari naye.

Njia inayofaa ni kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwa aliyekufa karibuni. Ontario ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1869. Fundi aliyefika 1832 akiwa na miaka 25 na akafa baada ya hapo anaweza kuwa na hati ya kifo, ila itasema alizaliwa "England", basi. Hapo ndipo utafiti mwingi unapokwama, maana Uingereza ina maelfu ya parokia. Jina la parokia litafute kwenye jiwe la kaburi, kwenye tangazo la kifo gazetini, na hasa kwenye rejista za ndoa za kaunti za 1858 hadi 1869. Hizo zilitaka umri, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi wa pande zote mbili, na mashahidi. Mara nyingi mtoto aliyezaliwa Uingereza na kuoa Canada mwaka 1860 ndiye anayemfichua baba yake, kwa kuwa karani aliandika alizaliwa wapi.

Kisha sensa. Ile ya Canada iitwayo ya 1851 ilihesabiwa kwa tarehe ya 12 Januari 1852, na safu ya umri haiulizi mtu ana miaka mingapi. Inauliza atakuwa na mingapi siku yake ya kuzaliwa ijayo. Tuseme mstari unasomeka hivi: Jno. Cooper, blacksmith, England, 30. Asiyejua atatoa 30 kwenye 1851, apate 1821, aende kwenye daftari la ubatizo, amkute John Cooper wa 1821, na kusherehekea. Lakini mtu huyo alikuwa na miaka 29 siku ile. Amezaliwa kati ya 13 Januari 1822 na 12 Januari 1823, na yule wa 1821 ni mwingine. Tena "Jno." ni John, wapo wanaoisoma Jonathan na kuzalisha kaka asiyekuwapo. "Jas." ni James, na mwandiko ukiwa mbaya huwa "Jos.", yaani Joseph. Jina la ukoo kama Cooper, yaani fundi mapipa, nalo halisemi chochote kuhusu kazi: huyu Cooper ni mhunzi, na jirani yake Smith, yaani mhunzi, anaweza kuwa ndiye anayetengeneza mapipa.

Maneno ya kazi yana mitego yake. "Cordwainer" si msokota kamba, ni fundi viatu. "Mechanic" wa 1840 hakuhitaji kugusa injini. Alikuwa fundi yeyote wa kazi ya mikono. Sensa ya Uingereza ya tarehe 6 Juni 1841 inakupa mtego mwingine: makarani walielekezwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi kwenye namba ya chini inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo 35 inaweza kuwa chochote kuanzia 35 hadi 39.

Ardhi ndiyo karatasi wanayojivunia zaidi, na kwa mkulima wana haki. Kwenye wilaya nyingi wapimaji walikata viwanja vya minyororo 20 kwa 100. Mnyororo mmoja ni futi 66, na kiwanja kizima ni ekari 200. Kila kiwanja kina namba yake na namba ya mstari wake, na daftari la ofisi ya ardhi linaonyesha kila mkono kilipopita. Lakini fundi mpangaji hamo. Humo utamkuta mwenye nyumba. Mpangaji mtafute kwenye daftari za kodi za wilaya, ambako mwenye mali na mpangaji walitofautishwa kwa herufi F na H. Zipitie mwaka hadi mwaka na uangalie jina linapoingia na linapotoka. Likitoka ghafla, usikimbilie kusema amekufa. Tazama kwanza kama kinu bado kinasaga. Pipa la unga lilikuwa na kipimo, ratili 196, na kila pipa lililoshuka mtoni halikurudi, kwa hiyo fundi mapipa alikula kwa kinu na alihama nacho.

Dini nayo huamua nani aonekane. Hadi sheria ilipobadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1830, wahubiri wa Kimethodisti hawakuruhusiwa kufungisha ndoa Upper Canada. Mafundi wengi walikuwa Wamethodisti, na bado ndoa zao zimo kwenye vitabu vya Kianglikana. Anayetafuta kwa dhehebu la familia anafunga kitabu kabla ya kukifungua. Ubatizo nao ulimngoja mhubiri anayezunguka kwa farasi; watoto wanne wa umri tofauti wakabatizwa siku moja, na mwandishi wa leo akawafanya mapacha.

Hapa sasa ndipo ninapobishana na wanaotudharau. Upper Canada ilirithi sheria ya Kiingereza ya kifungua mimba: mtu akifa bila wosia, ardhi yote humwendea mtoto wa kiume wa kwanza. Iliendelea hadi mwisho wa 1851. Kwa hiyo fundi aliyebahatika kununua kiwanja, akafa 1845 bila wosia, ameacha karatasi yenye jina la mtoto mmoja. Binti watano hawamo. Sasa linganisha na mirathi ya Pwani yetu. Kadhi akigawa, mjane ana thumuni yake kukiwa na watoto, mtoto wa kiume anapata mafungu mawili na wa kike moja. Hesabu haiwezi kukamilika mpaka kila mrithi ametajwa, maana fungu la mmoja linategemea idadi ya wengine. Nyaraka za mirathi za Zanzibar au Mombasa zinaweza kukupa ukoo mzima kwenye ukurasa mmoja, mabinti wakiwamo. Tumekaa juu ya hazina hiyo tukiwaonea wivu wenye daftari la kifungua mimba!

Haki yao niwape pia. Alipokufa fundi mwenye mali kidogo, wathamini wawili au watatu waliingia kwenye karakana na kuandika kila kitu: fuawe moja, mivukuto jozi moja, jiliwa, koleo, vyuma chakavu, deni la huyu na la yule. Orodha ya wadeni ni ramani ya majirani, na majirani wa Upper Canada mara nyingi walitoka kijiji kimoja cha Uingereza. Ukishindwa kupata parokia ya fundi wako, tafuta parokia ya aliyemdhamini au aliyeshuhudia ndoa yake. Huko ng'ambo, daftari za ubatizo za Kianglikana kuanzia 1813 zina safu ya kazi ya baba, na madaftari ya kodi ya mikataba ya uanagenzi ya 1710 hadi 1811 yameacha majina ya mabwana na wanagenzi wao. Mtafuta nasaba aliyempata babu yake mhunzi akifundishwa kazi kijiji cha pili ana ushahidi mzito kuliko mti wowote ulionakiliwa mtandaoni.

Lakini mwanamke! Kwenye karatasi hizi akiolewa tu amezama. Anakuwa Mrs. William fulani, hata kaburini. Huku kwetu Fatuma binti Juma huolewa mara tatu na bado ni binti Juma. Na undugu wenyewe lugha yao imeukunja: baba mdogo, baba mkubwa, mjomba, wote ni "uncle". Wosia wa 1850 ukisema "my uncle", hujui uende upande wa baba au wa mama, na kosa hapo ni kosa la ukoo mzima. Neno "son-in-law" la zamani liliweza kuwa na maana ya mtoto wa kambo. Mswahili akisema shangazi amekwisha kukupa upande, jinsia na kizazi kwa neno moja. Mwingereza akisema "aunt" bado una kazi.

Sisi tunapoharibu ni kwingine. Tunamjua Bibi kama Mama Asha, na akifa jina lake limekwenda naye. Mjukuu hupewa jina la babu, basi Ali Juma Ali Juma wanazunguka mpaka vizazi viwili vinajikunja kuwa kimoja, balaa lilelile la Waingereza wanaorudia John na William kizazi hadi kizazi. Tarehe hatuna, ingawa alama za wakati tunazo: kabla au baada ya Maji Maji ya 1905, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, rupia ilipoondoka Tanganyika na Kenya ikaja shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mzee akikuambia babu yake alikuwa anachunga mbuzi rupia ilipoondoka, amekupa umri wa kukisia wa miaka saba hadi kumi na mbili, nao si mbaya kuliko ule wa sensa ya 1841.

Ukikaa naye, usianze na "ulizaliwa lini". Anza na ndoa. Muulize nani alikuwa walii wa Mama Asha. Akitaja baba, umepata jina la baba. Akitaja baba mdogo, fahamu kwamba huenda baba alikuwa amekufa au yuko mbali, na uandike mwaka wa kukisia wa ndoa hiyo. Kisha uliza mashahidi wawili walikuwa akina nani, na walitoka mtaa gani.