Ng'ombe wa msibani: wanafunzi wa Moshi wanabishania nini

Wanafunzi wangu hapa Moshi wamesoma maandiko mawili kuhusu chakula na kifo, kisha kila mmoja akaandika maoni yake. La kwanza ni kisa cha Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Dario, mfalme wa Uajemi, aliwauliza Wagiriki wangetaka fedha kiasi gani ili wale maiti za baba zao. Wakajibu hakuna kiasi. Akawaita watu wa India walioitwa Callatiae, ambao kwao kumla mzazi aliyekufa ndiyo heshima, akawauliza wangetaka kiasi gani wachome baba zao moto kama Wagiriki. Wakapiga kelele, wakamsihi asitamke jambo kama hilo. La pili ni makala ya Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, iliyochapishwa 1972, baada ya vita kuwakimbiza mamilioni ya watu wa Bengali Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Anasema ukimwona mtoto anazama kidimbwini utaingia kumtoa hata nguo zichafuke. Basi fedha za anasa nazo ziokoe watu hivyo hivyo.

Hakuna aliyeandika kuhusu Uajemi wala Bengali. Karibu wote wameandika kuhusu ng'ombe anayechinjwa msibani: ni heshima kwa marehemu, au ni fedha ambazo zingemtibu mgonjwa?

Walioshika upande wa Singer wana hoja inayouma. Mmoja ameeleza habari za jirani yao aliyelala ndani kwa kukosa fedha za dawa. Siku alipofariki, kamati ya mazishi ilikaa jioni ile ile, daftari la michango likafunguliwa, na ng'ombe akapatikana kabla giza halijaingia. Sidhani kuna mtu wa Kilimanjaro ambaye hajawahi kuona jambo la namna hiyo, na linapaswa kutusumbua.

Lakini binti mmoja amejibu kwa kulielezea jiko la msibani, kule nyuma penye migomba. Wanawake wamekaa kwenye vigoda wanamenya ndizi za mtori, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Shangazi yake, aliyefiwa na mume na kunyamaza kwa siku nzima, alikuja akachukua kisu, akaanza kumenya, na hapo ndipo alipoongea. Namkubalia kabisa binti huyu. Tendo lile huwezi kulipigia hesabu kwa bei ya kilo ya nyama.

Nisichomkubalia ni pale anapomleta Herodotus afunge mjadala: kila watu na mila zao, basi. Mila yenyewe haijakaa palepale. Zamani mzee wa Kichaga alizikwa ndani ya nyumba yake, na baadaye mifupa ikafukuliwa ikahifadhiwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, penye mimea ya masale. Leo kaburi la saruji kando ya kahawa tunaliona ndilo la jadi. Hata msiba wa siku nyingi umeletwa na mochwari. Maiti ilipokuwa haiwezi kungoja, watu walizika upesi. Likaja jokofu, watoto wakahamia Dar es Salaam na Mwanza, na siku za kuwasubiri zikawa siku za kulisha watu. Sehemu kubwa ya gharama tunayoitetea kwa jina la wazee, wazee wenyewe hawakuijua.

Majirani zetu Waislamu wana jambo la kutufunza hapa. Jafari, binamu wa Mtume Muhammad, alipouawa vitani, Mtume aliagiza jamaa za marehemu waandaliwe chakula, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Chakula kinaingia kwa mfiwa. Kwetu mara nyingi kinatoka kwake, na ndiyo maana mjane huamka baada ya mazishi akiwa na deni la mchele na maturubai. Hapo ndipo naona kosa. Kula pamoja sina ugomvi nako.

Kuhusu dawa, upande wa Singer unarahisisha mno. Kifo kina tarehe, kamati inakutana, inamaliza. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, na daftari la mchango wa mara moja haliwezi kumbeba mwaka mzima. Halafu kuna aibu: msiba haufichiki, lakini wengi wetu tunaficha ugonjwa hata kwa ndugu, kwa hiyo ukoo unapata habari siku ya kufa. Hoja hii imeandikwa na kijana mmoja kwa mistari mitatu tu, nami naiona nzito kuliko zote.

Kwa maoni yangu, ukoo uanze na wale ambao maradhi yao yanajulikana tayari, wachangie kila mwezi, na fedha za kwanza zilipe bima ya afya ya wasio nayo. Msibani majirani walete ndizi, maharage na kuni, mtori upikwe, watu wale. Ng'ombe achinjwe kama yumo zizini. Wa kukopa aachwe sokoni, na mwenyekiti wa kamati aseme hivyo mbele ya wote, ili mjane asilazimike kulisema yeye.