Tiba ya mawimbi kwa wanajeshi: tunaipima kwa kipimo gani?

Mwaka 2018 ilifahamika kwamba Jeshi la Majini la Marekani limetenga dola milioni 1 kuchunguza jambo lililowashangaza wengi: je, kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao kunaweza kuwasaidia askari wenye kiwewe cha vita, sonona au usingizi uliovurugika? Si vigumu kumwelewa mlipakodi aliyesoma habari hiyo akakunja uso. Bahari kwa watu wengi ni mahali pa mapumziko, na ubao wa mawimbini ni chombo cha vijana walio likizo. Ndiyo maana mjadala huu hufika upesi kwenye swali moja, kwamba hii ni tiba au ni burudani. Swali hilo, kwa maoni yangu, limetupotezea muda mwingi.

Kinachofanyika chenyewe ni cha kawaida kuliko jina lake. Hospitali ya Jeshi la Majini iliyoko San Diego, California, imekuwa na programu hii tangu 2008, miaka ambayo majeruhi wa Iraq na Afghanistan walikuwa bado wakifika, baadhi yao wakiwa wamepoteza miguu au mikono. Kwa wiki 6 askari hukutana mara moja kwa wiki, saa 3 hadi 4 kila mara, na huingia majini pamoja na mkufunzi. Asiyeweza kusimama juu ya ubao hupiga magoti au hulala kifudifudi, na wimbi humchukua vilevile. Wakitoka majini hukaa pamoja. Programu huwekwa juu ya matibabu ya kawaida, haiji kuyafuta.

Wanaoitilia shaka wana hoja za kweli. Utafiti wa awali kuhusu wanajeshi na bahari ulikuwa mdogo mno. Mmoja unaotajwa mara nyingi, uliochapishwa 2014 na watafiti wa tiba-kazi (tiba ya kumsaidia mgonjwa arudi kwenye shughuli zake za kila siku) nchini Marekani, ulianza na maveterani, yaani askari waliokwisha kuacha jeshi, 14, na 11 ndio waliomaliza. Dalili zao za kiwewe na sonona zilipungua, lakini kwa watu 11 mtu hawezi kujenga sera ya jeshi zima. Mwaka 2019 watafiti wa San Diego walichapisha matokeo ya askari 74 walio kazini: hali zao zilikuwa bora baada ya kila kipindi, na dalili zilikuwa zimeshuka programu ilipoisha. Hapo napo hapakuwa na kundi la kulinganisha. Huenda kilichofanya kazi ni jua, au mazoezi, au kuwa na wenzako, au wiki 6 tu zilizopita. Tena anayekubali kuingia kwenye maji baridi ya Pasifiki huenda tangu mwanzo ana nguvu ambayo mwenzake aliyebaki kitandani hana.

Kuna pingamizi la ndani zaidi, na hili hutoka kwa wataalamu wa kiwewe wenyewe. Ugonjwa wa kiwewe, ule unaojulikana kwa kifupi kama PTSD, hulishwa na kukwepa. Mgonjwa hukwepa kumbukumbu, mahali, sauti na watu, na kila anapokwepa hofu hupata nguvu mpya. Sasa unamchukua mtu wa namna hiyo, unampa saa 4 za kusahau kila kitu, halafu unaliita hilo matibabu? Ni swali zito, nami nitalirudia.

Ninachoona hakitajwi vya kutosha ni kile ambacho tiba ya mawimbi inalinganishwa nacho. Wengi wetu tunapoambiwa "matibabu yaliyothibitishwa" tunafikiria kitu kinachoponya. Kwa kiwewe cha vita, matibabu ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa zaidi ni mawili: lile linalomrudisha mgonjwa hatua kwa hatua kwenye kumbukumbu anayoikwepa, na lile la kuzichunguza na kuzisahihisha fikra zilizoganda juu ya tukio. Ni matibabu mazuri, na yameokoa maisha. Lakini mwaka 2015 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha mapitio ya majaribio yaliyofanywa kwa wanajeshi na maveterani, na humo mna takwimu ambayo ingepaswa kuandikwa juu ya mlango wa kila kikao kinachojadili suala hili: karibu theluthi mbili ya waliopata matibabu hayo walimaliza wakiwa bado wana ugonjwa.

Theluthi mbili. Tusiisome vibaya. Mapitio hayohayo yalionyesha kwamba kati ya asilimia 49 na 70 walipata nafuu ya maana, yaani wengi walitoka kwenye hali isiyobebeka wakafika kwenye hali inayobebeka. Mtu anaweza kupata nafuu kubwa na bado akabaki na ugonjwa, na nafuu hiyo ina thamani. Hata hivyo, takwimu hii inatuambia kwamba askari wa kawaida anayefuata tiba bora iliyopo, akakaa vikao vyake vyote, ana uwezekano mkubwa wa kutoka mlangoni akiwa bado anaota ndoto zilezile. Atakula nini siku inayofuata, atalala vipi, atazungumzaje na mkewe au mumewe? Matibabu yamekwisha, ugonjwa haujaisha, na maisha yanaendelea. Huyu ndiye mtu ninayemwona kila ninaposikia mtu akiuliza kama mawimbi "yanatibu".

Na huyo ni yule aliyefika hospitali, akapimwa, akakubali kuingia kwenye jaribio la kitafiti. Nyuma yake kuna umati ambao haujafika kabisa. Mwaka 2004 daktari wa Jeshi la Marekani, Charles Hoge, na wenzake walichapisha uchunguzi wa askari waliotoka Iraq na Afghanistan. Miongoni mwa walioonyesha dalili za ugonjwa wa akili, waliotafuta msaada walikuwa asilimia 23 hadi 40 tu. Walipoulizwa kinachowazuia, walitaja kuonekana dhaifu, kupoteza imani ya wenzao wa kikosi, na wakubwa wao kuwatazama kwa jicho jingine. Tena waliougua ndio waliozitaja hofu hizo zaidi kuliko waliokuwa wazima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na jeshini msemo huu hauna chembe ya kutia chumvi: mwaka 2022 pekee, maveterani zaidi ya 6,000 walijiua nchini Marekani.

Hapo ndipo pwani inapopata maana tofauti kabisa. Askari anayeogopa kuonekana akiingia idara ya afya ya akili haogopi kuonekana amebeba ubao. Hakuna anayemdharau mtu anayepambana na bahari. Ni kazi ya mwili, ina hatari kidogo, inataka ujasiri, na hufanywa pamoja. Kwa maneno mengine, inazungumza lugha ambayo jeshi limemfundisha tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Halazimiki kueleza kitu. Lakini mtu akishaangushwa na mawimbi asubuhi nzima mbele ya wenzake, wote wakacheka na wote wakamvuta, maneno huanza kutoka yenyewe. Naamini hili ndilo jambo kubwa zaidi ambalo tiba ya mawimbi inaweza kudai, na ndilo ambalo mizani ya dalili kabla na baada hailipimi kabisa.

Nirudi sasa kwenye hoja ya kukwepa. Mtafiti Nick Caddick na wenzake nchini Uingereza waliwafuatilia wanaume 15 waliowahi kupigana vitani, waliokuwa wakiteleza mawimbini huko Cornwall katika kundi la hisani la maveterani. Hawakuwa na majedwali ya alama. Walikaa nao, wakaingia majini nao, wakawasikiliza. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2015, yanaeleza kitu wanachokiita ahueni: kiwewe kinasukumwa nyuma kwa muda, kinaacha kuwa mbele ya macho. Hakiondoki. Maveterani wenyewe walijua kitarudi. Walichopata ni siku ya kupumua, na uhakika kwamba wiki ijayo wataipata tena.

Je, huko ni kukwepa? Nadhani kuna tofauti ambayo wakosoaji wameipita haraka. Anayekwepa hujifungia: anapunguza watu anaokutana nao, mahali anapokwenda, na hisia anazozikubali mwilini. Mawimbini hufanyika kinyume chake. Moyo unadunda kwa nguvu, pumzi inakatika, kelele imejaa masikioni, mwili mzima uko kwenye tahadhari, yaani hali zilezile ambazo mgonjwa wa kiwewe huzihusisha na kifo. Safari hii haziishii kwenye kifo. Anaibuka, anashika ubao, anarudi. Siwezi kusema kwamba hiyo inatosha kuchukua nafasi ya kuikabili kumbukumbu yenyewe kwa msaada wa mtaalamu. Lakini kuiweka kapu moja na mtu anayejifungia chumbani na chupa si haki.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja 2023, na umewafurahisha wakosoaji kuliko watetezi. Watafiti wa Jeshi la Majini, wakiongozwa na mwanasaikolojia Kristen Walter, waliwagawa kwa bahati nasibu askari 96 wenye sonona: wengine wakaenda mawimbini, wengine wakaenda kutembea porini na milimani, kwa wiki 6, kisha wakafuatiliwa hadi miezi 3. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa. Kwa ukali wa sonona, bahari haikuishinda njia ya mlimani.

Basi wapo wanaosema: mnaona, wimbi halina siri yoyote, ni mazoezi ya nje tu na kampani. Sawa, na kundi lisilopata chochote halikuwepo, kwa hiyo hata jaribio hili halijajibu kila kitu. Ila matokeo hayo yananipa matumaini zaidi kuliko ambavyo ushindi wa bahari ungenipa. Pingamizi kubwa la kiutendaji lilikuwa kwamba kambi nyingi ziko mbali na bahari, na askari wa bara angebaki kutazama picha za wenzake wa California. Ikiwa kutembea kunamsaidia kwa kiasi kinachokaribiana, basi mpango unaweza kuhamishwa: kundi dogo, wiki 6, mkufunzi, kazi ya mwili inayodai akili yote, mahali pasipo na kuta. Kwa mwenye mguu mmoja, ambaye kupanda mlima ni adhabu na maji humbeba, bahari itabaki chaguo bora. Kwa anayeogopa maji, mlima.

Hatari zipo na hazihitaji maneno mengi: aliyeumia ubongo kwa mlipuko na ana kifafa hawezi kuachiwa mawimbini kama wengine, mabega huumia, watu huzama. Hiyo ndiyo sababu programu inayofanywa chini ya hospitali, yenye daktari anayejua historia ya kila mshiriki, si sawa na wikiendi iliyoandaliwa kwa nia njema na wapiga picha wakiwa tayari. Hapo niko upande wa wakosoaji bila masharti. Niko upande wao pia wanapoonya kwamba afisa wa bajeti anaweza kuipenda pwani kwa sababu mbaya, akaona mkufunzi ni rahisi kuliko mwanasaikolojia. Ikitokea hivyo, watetezi wa tiba ya mawimbi ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kupiga kelele.

Ningependa watafiti wahesabu mambo mengine kuliko waliyoyahesabu hadi sasa. Kati ya askari waliofika pwani bila kuwahi kuonana na mwanasaikolojia, ni wangapi walikubali kuonana naye baadaye? Kati ya wanaofuata yale matibabu mawili makuu, ambayo wagonjwa wengi huyaacha njiani, wanaokwenda baharini au mlimani hubaki hadi mwisho kwa wingi zaidi kuliko wenzao? Na wiki ya 7 kunatokea nini? Wale wa Cornwall walijua wiki ijayo bahari ipo na kundi lipo, lakini askari wa programu ya wiki 6 hukabidhiwa nafuu yake na kuagwa. Kama ahueni ndiyo zawadi yenyewe, na ahueni huisha, basi fedha ya nyongeza ipelekwe kwanza kwenye vikundi vinavyoendelea, vyenye mkufunzi wa kudumu na mawasiliano na daktari yuleyule aliyempeleka askari pale mwanzoni.