Njia ya akiba ndiyo inayobeba mzigo

Mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva, inapohamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine huku watu wakiendelea kuitumia, wengi huichukulia njia ya akiba ya mtandao kuwa ya kuvukia sekunde moja tu. Si kweli. Njia hiyo hubeba mzigo wote kwa dakika kadhaa, na huduma hukatika kwa sababu hakuna aliyeiandaa kwa dakika hizo.

Ukitumia SR-IOV, kadi moja ya mtandao hugawanywa vipande vinavyoitwa VF, na kipande kimoja hukabidhiwa mashine pepe moja kwa moja. Kasi inakuwa nzuri, lakini VF ni chuma cha seva ile. Hali yake imo ndani ya kadi, na kwa kawaida hainakiliwi kwenda kwingine. Ndiyo maana mashine hupewa kadi ya pili ya akiba, virtio, ambayo ni programu tupu na husafiri nayo. Mtumbwi unaotoka mwalo wa Kirumba na injini hubeba na kasia. Injini ikizimika katikati ya ziwa, kasia ndizo zitakazoufikisha nchi kavu, na mvuvi huzikagua kabla hajang'oa nanga.

Kwenye Linux utaratibu huu una miaka yake. Draiva ya net_failover, inayoziunganisha kadi hizo mbili, iliingia kwenye keneli (kiini cha Linux) 4.18 mwaka 2018, QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, ikafuata kwa toleo 4.2 mwaka 2019, na libvirt, chombo cha kuzisimamia mashine hizo, ikaleta kipengele cha teaming kwa toleo 6.1.0 la mwaka 2020. Kadi ya virtio huandikwa teaming type='persistent', VF huandikwa teaming type='transient' ikitaja jina la virtio hiyo, na zote mbili hupewa MAC (anwani ya kadi) moja. Mashine pepe ikiwa na keneli ya zamani kuliko 4.18, VF haitaonekana kabisa, kwa sababu QEMU huificha mpaka mashine ithibitishe kwamba inaujua utaratibu. Usihangaike kubadilisha kadi, sasisha keneli.

Tuje kwenye dakika. QEMU huichomoa VF kabla ya kuanza kunakili kumbukumbu, si mwishoni. Chukua mashine yenye RAM ya GB 16 na kebo ya gigabiti 1 kati ya seva mbili. Kebo hiyo hupitisha kama MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko wa kwanza peke yake ni sekunde 150 hivi. Hifadhidata ikiwa inabadilisha MB 60 za kumbukumbu kila sekunde, mizunguko ya kurudia itafikisha jumla ya dakika tano na nusu. Ikibadilisha MB 110, kazi haiishi. Muda wote huo watumiaji wako kwenye virtio. Kule kusimama kufupi kwa mashine mwishoni kunakosemwa sana, milisekunde 300 ambazo QEMU hujiwekea, ni punje tu ya safari nzima.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa, maana daraja la virtio (swichi ya programu ndani ya seva inayoiunganisha virtio na mtandao) na nakala ya kumbukumbu vimepitishwa kebo moja. Nakala inaijaza kebo, na mteja wa dirishani anaona mfumo umeganda. Dawa yake ni kebo fupi ya shaba ya gigabiti 10 iliyochomekwa seva kwa seva bila swichi, ikiwa na anwani zake, kisha amri ya virsh migrate --live yenye --migrateuri tcp://10.10.10.2. Mzunguko wa kwanza wa zile GB 16 unashuka hadi sekunde 15 au 20. Mwanza, ambako radi za ziwani na kukatika kwa umeme ndivyo vinavyomkimbiza fundi kwenye chumba cha seva, tofauti hiyo ni kubwa mno. Mashine mbili kama hizo, moja baada ya nyingine kwa gigabiti 1, zinadai dakika 11. UPS ya dakika 10 itakuwa imezima.

Ndani ya mashine yenyewe, ip -br link huonyesha majina matatu, tuseme ens3, ens3nsby na ens4, yote yakiwa na MAC ileile. IP iwekwe ens3 peke yake, ndiyo mkubwa wa hao wengine. Faili la netplan, la mipangilio ya mtandao, linalochagua kadi kwa MAC hukamata zote tatu, na DHCP, inayogawa anwani, inaweza kuiweka anwani juu ya VF. VF ikichomolewa, anwani huondoka nayo. Chagua kwa jina.

VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja kwa lebo, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa kuwa haionekani. Kwenye VF, lebo ya VLAN hubandikwa na kadi, mashine haina habari. Upande wa virtio hakuna wa kuibandika mpaka uipange mwenyewe, mfano kwa kuweka daraja juu ya eth0.20 (VLAN 20 ya kadi eth0) au kwa kutumia Open vSwitch, swichi nyingine ya programu. MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, nayo ina hila yake: pingi inapita, SSH inaanza vizuri, kisha faili kubwa linakwama. VF ina 9000, daraja la akiba lina 1500. Pima kwa ping -M do -s 8972. Baiti 28 zinazobaki ni vichwa vya IP na ICMP.

Kuna na swichi ndogo ndani ya kadi yenyewe. Ikiendelea kuikumbuka MAC ya VF iliyochomolewa, pakiti hupelekwa kwa asiyekuwepo huku virtio ikisubiri. Mfano uliomo kwenye nyaraka za keneli huweka MAC ya sufuri kwenye VF hiyo kwa ip link set kabla ya kuhama. Swichi ya ukutani nayo hujifunza upya kwa matangazo ya RARP ambayo QEMU hutuma mashine ikifika, lakini poti iliyofungiwa MAC moja itayakataa. Kwenye swichi za Cisco, kosa hilo kwa kawaida huzima poti nzima. Na kama daraja la seva ya pili limewashwa STP, kinga ya pakiti kuzunguka bila mwisho, kadi mpya inaweza kukaa sekunde 30 bila kupitisha kitu. Daraja lenye kebo moja tu ya kutokea halihitaji STP.

Kwa ofisi ya kawaida ya Nyamagana au Ilemela yenye mfumo wa mauzo na intaneti ya megabiti mia moja, siungi mkono VF hata kidogo. Virtio yenye vhost, inayohamishia kazi yake kwenye keneli ya seva, huijaza gigabiti 1 bila jasho, na unakuwa umejiondolea nusu ya matatizo haya. VF ina mahali pake penye kadi za gigabiti 25 na hifadhi inayopita mtandaoni.

Ukiamua kuitumia, ijaribu bila kuhamisha chochote. Siku ya kazi, saa nne asubuhi, ichomoe kwa virsh detach-device na uiache nje dakika sita, huku ping -i 0.2 ikikimbia kutoka kompyuta ya mhudumu wa dirishani, si kutoka kwenye seva. Kila pingi inayopotea ni moja ya tano ya sekunde. Tazama pia kama malipo yanapita na ripoti kubwa inafunguka. Kisha irudishe kwa attach-device na uhesabu upya, kwani kurudi kwenye VF nako kuna mwanya wake.