Selimundu na ule msemo wa "kwetu hatuna"

Mwaka jana tulikaa kikao cha familia Mbagala, na safari hii hakikuwa cha harusi. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa ametoka kulazwa mara ya tatu. Vidole vilianza kumvimba akiwa na miezi minane, akawa analia usiku kucha, na majibu ya maabara yakasoma SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baba mkubwa akakohoa, akasema, "Ukoo wetu hatuna ugonjwa huo." Macho yote yakamgeukia wifi yangu. Yeye akatazama mkeka.

Sentensi ile imenikaa kooni mpaka leo. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, hutengenezwa kwa maelekezo ya vinasaba viwili, kimoja kutoka kwa baba, kingine kwa mama. A ni kile cha kawaida, S ni cha selimundu. Mwenye A moja na S moja, yaani AS, anabeba viroba vya saruji Kariakoo, anacheza mpira, anazeeka bila kujua kitu. Ili mtoto awe SS, S moja lazima itoke kwa baba yake. Kwa hiyo S ya mdogo wangu imetoka kwa marehemu baba yetu au kwa mama yetu mzazi, ambaye wakati huo alikuwa jikoni anachuja chai.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, ni kama kila mmoja anarusha shilingi yenye A upande huu na S upande ule. Zikiangukia S zote mbili, mtoto ni SS, na nafasi hiyo ni robo. Nusu ni AS, robo iliyobaki ni AA. Wengi huelewa robo kuwa ni zamu: "Mmeshapata mgonjwa, watatu wanaofuata wazima." Shilingi haina kumbukumbu, jamani. Kila mimba inarushwa upya. Na wale waliozaliwa wazima kwa wazazi hao, kwa wastani wawili kati ya watatu wana S moja mfukoni.

Kusema "kwetu hatuna" huku pwani kunahitaji ujasiri. Mtoto wa AS ana kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mwanasayansi Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki. Palipo na mbu wengi, S imedumu vizazi na vizazi. Mwenye SS hafaidiki hata kidogo. Malaria ikimpata humwangusha vibaya.

Uchawi nao unapata pa kuingilia. Mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, inayomkinga miezi ya mwanzo. Inapopungua, karibu na miezi sita, ndipo maumivu na uchovu huanza, na jirani aliyemsifia unene wiki iliyopita anakuwa mtuhumiwa.

Mimi naona tunapima kwa kuchelewa. Mahari imeshatolewa, kadi za michango zimeshasambaa, ndipo mtu anakumbuka maabara. Jibu la wakati huo ni silaha mikononi mwa mashangazi. Ningependa vijana wapime kabla hawajampenda mtu. AS wawili wakiamua kuoana huku wanajua, hayo ni yao. Sitaki shehe wala mchungaji awafungie mlango. Ila waulize wamepimwa kipimo gani. Baadhi ya vile vya haraka vinaonyesha tu kuwa S ipo, havitenganishi AS na SS. Kinachotakiwa ni kile kinachochambua aina za himoglobini.

Baada ya kikao tulikwenda kupima, mdogo wangu, mkewe na mimi. Sote watatu AS. Nikarudi nyumbani kumweleza binti yangu, naye akaniuliza mbona miaka yote hii sikuwahi kupima. Sikuwa na jibu.

Baba mkubwa alisema atakwenda Jumatatu. Zimeshapita Jumatatu kumi na moja.