Yule Mke Ambaye Hakupika

Kwanza, mke ninaye mmoja. Pili, sijamwambia mgeni wa watu akome. Mnaonitumia stika za kucheka tangu jana naomba mpumzike kidogo nimalize, maana habari inayozunguka kwenye magrupu, kwamba nina wake wawili na nimemfokea mgeni kanisani, imetoka kwa mkalimani wetu wa usharika, na yule bwana ndiye aliyesimamia harusi yangu. Ukweli anaujua wote. Ameamua tu kuukalia.

Ujio wa wale wageni kutoka Marekani mnaujua. Na mnajua huku kwetu Iringa mgeni hapokelewi bila risala, na risala ikiwa ya Kiingereza ninaitwa mimi, kwa sababu nafundisha Kiingereza kidato cha pili na sijawahi kuwaficha watu jambo hilo. Kamati ikagawana: kila kundi liandike kipande chake, mwalimu ataunganisha na kusahihisha. Nikakaa mezani na kalamu nyekundu. Raha niliyoipata usiku ule ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mwenyekiti alikuwa ameandika: "Although the roof is leaking, but we worship every Sunday." Nikacheka peke yangu. Kwetu "ingawa" ikitangulia na "lakini" ikaja nyuma hakuna anayeshtuka. Kiingereza hufunga vishazi viwili, yaani vipande viwili vya sentensi kila kimoja na kitenzi chake, kwa kiunganishi kimoja. "Although" ikishakaa mwanzoni, kishazi kile kimekuwa tegemezi, hakisimami peke yake, na kishazi huru kinachofuata hakitaki tena "but". Unaipenda sana "but"? Ibakize, ufute "although". Nikafuta "but", nikauacha mkato (,) palepale baada ya "leaking".

Mhazini naye: "The wall fell. Because the rains were heavy." Hiki cha pili kina kiima, kina kitenzi, ukipita haraka unaapa ni sentensi. Lakini "because" imesimama mlangoni, na msomaji anasubiri kuambiwa kilichotokea kwa sababu hiyo. Hakisimami peke yake. Nikaondoa nukta ikawa "The wall fell because the rains were heavy", bila mkato wowote. Angetaka kuanza na mvua, ingekuwa "Because the rains were heavy, the wall fell", na hapo mkato unahitajika, kwa sababu kishazi tegemezi kikitangulia huonyeshwa kinapoishia.

Umoja wa wanawake: "We use the desks which you sent them." Hawa niliwaonea huruma. Sisi tunasema "madawati mliyoyatuma", na ile -ya- ndani ya kitenzi inayarudia madawati bila kumkera mtu. Kwa Kiingereza "which" imeshakaa kwenye kiti cha mtendwa, yaani kile kilichotumwa, sasa "them" ikija itamkalia mwenzake mapajani. Nikaifuta. Nikafuta na "which" yenyewe, maana kirejeshi kikiwa cha mtendwa na kishazi kikiwa cha kubainisha, yaani kinachoonyesha ni yapi yanayosemwa, sheria inaruhusu: "the desks you sent".

Vijana ndio walionifurahisha zaidi. "When you will come again, we will slaughter a goat." Ni "mtakapokuja" ile, ina wakati ujao tumboni, wakaihamisha nzima nzima. Baada ya "when", "before", "after", "until" na "as soon as" zinapotaja wakati ujao, kitenzi cha Kiingereza hubaki wakati uliopo, na "will" hukaa kwenye kishazi huru tu: "When you come again, we will slaughter a goat." Ila msiikariri kama kasuku. "We do not know when they will come" haina kosa, kwa kuwa kishazi kile kinafanya kazi ya nomino, ndicho kitu tusichokijua. Wanafunzi wangu huanguka hapo kila mtihani. Nao mtakutana nao mbele, nusu ya kwaya ni wao.

Basi nimemaliza, najiona profesa, mama watoto anauliza kutoka jikoni: "Humo umemtaja nani na nani?" Nikamsomea. Akasema, "Hadi fundi wa spika yumo. Mimi ninayekanda ngano kilo kumi simo?"

Haki yake. Nikaongeza mstari wa mwisho: "And my wife, who cooked the chapatis, deserves our thanks."

Iangalieni vizuri hiyo sentensi. Ina mikato miwili, mmoja kabla ya "who", mwingine baada ya "chapatis". Rasimu ninayo, anayebisha aje aione.

Kosa lilikuja kwenye mazoezi. Nikawa nasoma kwa sauti huku natembea, natulia kila penye mkato kama tulivyofundishwa shule ya msingi, mama watoto akatoa kichwa mlangoni. "Baba, mbona unasoma kama una pumu?"

Mwanaume nikaumia. Nikarudi kwenye risala na kalamu yangu ileile, nikaanza kupunguza mikato niliyoiona ya mapambo. Ule wa "leaking" sikuugusa, nilijua ni wa kanuni. Ule wa mbuzi nao nikauheshimu. Ya mke wangu nikaikata yote miwili. Asubuhi nikapeleka steshenari, zikatoka nakala thelathini safi, kila mgeni yake.

Kwa wasiojua nilichokifanya, ni hivi. Kishazi cha "who" kikifuata nomino bila mikato, kinabagua: kinachagua mmoja kati ya wengi. "The pupils who come late sweep the yard", wanaofagia ni wachelewaji peke yao. Zungushia mikato, "The pupils, who come late, sweep the yard", umeshatukana shule nzima, wote wachelewaji na wote wanafagia. Mikato ile miwili inamwambia msomaji kwamba aliyetajwa alishajulikana, haya mengine ni nyongeza. Njia ya kupima ni kufunika kishazi kwa kidole. Ukibaki unajua nani anasemwa, weka mikato, na iwe miwili, isipokuwa kishazi kikiwa mwisho wa sentensi, pale nukta inachukua nafasi ya wa pili. Mama yako, mji wa Dodoma, Ziwa Victoria, vyote hivyo viko kimoja, mkato ni lazima. Na mke wako, kama uko kwenye ndoa ya kanisani.

Bila mikato, nilichokiandika na kukitia sahihi ni kwamba kati ya wake zangu, yule aliyepika chapati anastahili shukrani.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo mkalimani anaparuka makusudi.

Ibada imekwisha. Wageni wako mbele, nakala mkononi. Miongoni mwao yumo mama mmoja mtu mzima, miwani yake ina kamba shingoni, tumeambiwa ni mstaafu, alifundisha Kiingereza sekondari kwao. Nikamwona anafungua mkoba na kutoa kalamu. Moyo ukanifurahi, nikasema leo nimepata mwenzangu. Nasoma "Although", namtupia jicho, anatikisa kichwa kukubali. Nasoma "When you come again", akatabasamu, akaweka alama ya vema pembeni. Wadau, aliweka vema! Nikapandisha sauti. Mstari wa mwisho nikaupitisha kwa pumzi moja, bila pumu.

Kalamu yake ikasimama.

Mkalimani akautoa kwa Kiswahili: "Na mke wangu aliyepika chapati anastahili shukrani zetu." Vigelegele. Kwetu "mke wangu aliyepika" haimshtaki mtu, msikilizaji anajazia kwa akili yake. Mama watoto alikuwa mstari wa tatu upande wa akina mama, akajifunika mdomo kwa kanga kwa aibu ile tamu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kanisa lile kuniona mtu wa maana.

Mgeni akasimama kujibu. Akasalimia "Kamwene!", watu wakaitikia kwa shangwe. Akashukuru kwa chakula. Akainua ile karatasi, akaisogeza karibu na miwani, akasema kwa upole wa mtu aliyeelekezwa kwao asihukumu mila za watu: "And where is the wife who did not cook? We would like to greet her too."

Kwa sekunde chache ulimwengu mzima tulioelewa tulikuwa wageni, mimi na mkalimani. Nikamtazama. Akanitazama. Nikatikisa kichwa kidogo sana, shingo tu, kumaanisha usithubutu. Anasema yeye alielewa ninamaanisha endelea.

Akasogeza maiki. Akakohoa. Kisha akatamka neno moja moja, kama anayesoma matokeo ya uchaguzi: "Mgeni anauliza, na yule mke, ambaye hakupika, yuko wapi? Wangependa, kumsalimia naye."

Na mikato ya kutosha aliweka, mjinga yule.

Mpiga kinanda alikuwa amejiandaa kuingiza wimbo, kidole kikabaki kwenye kitufe, mlio mmoja ukawa unaendelea tu, nnnnnn. Mchungaji akavua miwani. Mzee wa kanisa tuliyekaa naye akavuta kiti chake pembeni, na kile kiti ni cha chuma na sakafu ni ya saruji, kanisa zima lilisikia namna anavyojitenga nami. Bibi mmoja nyuma akasema "Ehee!" kama mtu aliyekuwa akisubiri tu uthibitisho. Kanga ya mama watoto ikaanza kushuka kutoka mdomoni. Ilishuka taratibu sana. Kilichokuwa chini yake hakikuwa tena tabasamu.

Nikanyakua maiki. Nilitaka kueleza alama gani imekosekana. Mtaniuliza kwa nini sikusema "mkato", neno ninaloliandika hapa tangu mwanzo bila shida. Jaribuni ninyi kukumbuka istilahi mkiwa mnatazamwa hivyo. Nikamwelekezea kidole mgeni, yaani ile karatasi mkononi mwake, nikapiga kelele: "Koma! Ni koma! Koma tu!"

Waliokaa nyuma karatasi hawakuiona. Walimwona mwalimu amemnyooshea bibi wa watu kidole na kumwambia akome, mara tatu, kwenye spika. Mzee mmoja akanguruma: "Mwalimu! Huyo ni mgeni!" Na mkalimani, aliyeapa siku hiyo kutoacha hata silabi moja, akainama kwa mgeni akamfasiria: "He says stop."

Mama wa watu akakaa.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Mchungaji akaniita ofisini, mgeni naye akaitwa, nikamchorea mikato miwili kwenye nakala yake kwa mkono unaotetemeka. Akaitazama, akacheka hadi miwani ikaning'inia, akaenda mwenyewe kumkumbatia mama watoto na kumpa vitenge viwili, kimoja chake na kingine cha mwenzake asiyekuwepo. Vyote viwili kavikubali. Mimi chapati sikupewa. Akina mama wa umoja wananiuliza lini narudi kundini. Wanafunzi wameandika ile sentensi ubaoni kabla sijaingia darasani, bila mikato, na chini yake "Punctuate". Baba mkwe amepiga simu. Nimemweleza suala zima la koma kwa utulivu, akanyamaza, kisha akauliza koma moja inauzwa shilingi ngapi, kwamba kama ni hela iliyonishinda ningesema mapema atume.

Aliyeuliza kwenye komenti kama ningepona kwa kuandika "my wife that cooked": hapana, ningezama zaidi. "That" kazi yake ni kubagua, haikai kwenye vishazi vya nyongeza. Na "which" usimwekee mtu, hata kama mmenuniana.

Na wewe dada uliyeweka kwenye status asubuhi hii "My boyfriend who loves me has bought me a phone", nakuomba uihariri sasa hivi, koma moja kabla ya "who" na nyingine baada ya "me" ile ya kwanza, kabla yule asiyekupenda hajaisoma.