Ajiri Mbunifu Kabla ya Kuchonga Kalibu

Kampuni changa ya vifaa vya umeme kwa kawaida huajiri kwa mpangilio huu: mhandisi wa elektroniki, kisha mwandishi wa programu, kisha watu wa mauzo. Mbunifu wa mwingiliano, yaani yule anayeamua kitufe kikibonyezwa kifaa kijibu nini, huitwa mwisho, kifaa kikiwa tayari kimevishwa plastiki, eti akipendezeshe. Kufikia hapo kazi iliyobaki ni kuchagua rangi ya stika.

Kinachomfunga mikono ni kalibu, yaani umbo la chuma ambamo plastiki ya kifaa humiminwa. Tundu la kitufe hutokana na chuma kilichosimama ndani ya kalibu. Kulipunguza tundu hilo ni kunyoa chuma kidogo, na fundi hulimaliza upesi. Kulipanua, au kutoboa jingine kwa ajili ya taa ya pili, ni kuongeza chuma mahali ambapo hakipo: kuchomelea au kupachika kipande kipya, gharama na wiki za kungoja. Isitoshe, taa hiyo ya pili inataka nafasi kwenye sakiti ambayo huenda imeshajaa. Basi mbunifu aajiriwe wakati mchoro wa sakiti bado unafutwafutwa.

Tangazo la kazi likisema tu "mbunifu wa programu na vifaa", watakuja wengi wa programu za simu. Si watu wabaya, ila wamezoea skrini inayoweza kujieleza kwa maneno. Taa mbili na mlio mmoja haviwezi. Katika kazi za awali za mwombaji, picha nzuri zipite haraka. Tafuta jedwali la hali. Upande mmoja ni hali za kifaa: kimezimwa, kinawaka, kinachaji, kimefungwa kwa sababu mteja hajalipa deni, betri imeisha. Upande wa pili ni matukio: kitufe kimebonyezwa, kimeshikiliwa sekunde 3, chaja imechomolewa, mtandao umepotea. Kila kisanduku kiwe na jibu. Kilichoachwa wazi leo ndicho kitakachopigiwa simu huduma kwa wateja kesho.

Kisha mpe jaribio la siku moja, na umlipe siku hiyo. Lenyewe ni hili: taa ya sola ya lipa kidogo kidogo, vitufe 12, taa mbili ndogo za ishara, mlio mmoja, bila skrini. Mteja akilipa, anatumiwa SMS yenye tarakimu 20, sawa na tokeni ya stima, ili aziingize na taa ifunguke. Abuni uingizaji huo.

Mwombaji dhaifu ataanza na rangi. Aliye hodari atakuuliza mteja ana simu gani. Kama ni kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, mwanga wake unazimika katikati ya kusoma. Mteja anasoma tarakimu nne, anabonyeza, anarudi kwenye simu, anatafuta alipoachia. Kifaa kinachofuta kila kitu baada ya sekunde 10 za kimya kinamrudisha mwanzo kila mara. Bila skrini atajuaje yuko kwenye tarakimu ya 12 au ya 13? Jibu zuri ni mlio mfupi kwa kila tarakimu na mlio wa aina nyingine kila zikitimia nne. Akikosea moja, afute hiyo moja, si zote.

Muulize pia kuhusu namba inayokataliwa. Kuna namba iliyokosewa, iliyokwisha kutumika, na ya kifaa cha jirani. Hayo ni matatizo matatu yenye suluhisho tofauti, na kifaa kikiyajibu yote kwa mmweko mmoja mwekundu, mteja ataingiza namba ile ile mpaka achoke. Na asitegemee wekundu na kijani peke yake, kwa kuwa wapo wasiozitofautisha rangi hizo; mahali pa taa na mdundo wa mmweko visaidie.

Kuna suala la mhandisi ambalo mbunifu lazima alijue. Kitufe kikibonyezwa, kiungo chake cha chuma hurukaruka kabla ya kutulia, na programu isipongoja kidogo (milisekunde 20 hadi 50 kwa kawaida hutosha), bonyezo moja huhesabiwa mawili. Lakini mlio wa kujibu usichelewe zaidi ya milisekunde 100, maana mteja asiposikia kitu atabonyeza tena, na tarakimu itaingia mara mbili kwa sababu nyingine kabisa.

Halafu kuna mahali penyewe. Kitufe cha kugusa bila kubonyeza huchanganya tone la maji na kidole, kwa hiyo mvuvi wa omena pale Dunga, ufukweni Kisumu, usiku na mikono ikiwa imelowa, hatakipenda. Kitufe cha mpira kilichozibwa kinazuia vumbi la Nakuru, ila kidole hakihisi vizuri kimebonyea au la, ndiyo maana mlio unahitajika. Taa za ishara zijaribiwe saa sita mchana mtaani Kondele, nje, si mezani ofisini.

Si lazima aandike programu ya ndani ya kifaa. Lakini akipewa Arduino (bodi ndogo ya elektroniki ya kufanyia majaribio), vitufe, taa na katoni, alasiri moja imtoshe kutengeneza sampuli inayoitika. Asipoweza, kila wazo lake litapanga foleni kwa mhandisi. Wahitimu wa Maseno, wa Masinde Muliro kule Kakamega na wa Egerton watazamwe, sawa, lakini kwenye mahojiano mwalike pia fundi wa kurekebisha simu na taa kutoka soko la Kibuye, na mlipe muda wake. Yeye anajua kitufe kipi hufa kwanza.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu muda wa majaribio usiozidi miezi 6, na kuuongeza kunataka ridhaa ya mwajiriwa. Panga duru moja nzima ya sampuli ndani ya miezi hiyo, na uandike kwenye mkataba kwamba kalibu haiagizwi bila saini ya mbunifu. Tenga pia nauli na pesa za kuwalipa watu wanaojaribu sampuli. Hiyo ndiyo bajeti inayokatwa kwanza, na akikaa ofisini mwezi mzima, atabuni kwa kukisia.